Pale Shingo Inapokutana na Mgongo

Ukungu ulikuwa umelala juu ya Hortobágy
kama maziwa yaliyosahauliwa sufuriani
Orsolya aliposhuka baiskeli na kisanduku chake:
mkanda mweusi, nyaya mbili, kioo cha tarakimu.
"Nataka kuusikia moyo wake, mjomba."
Nikamwambia moyo wa farasi husikika kwa kiganja.
Akacheka, akaufunga mkanda.

Kökény tulimpa jina la tunda la kichakani,
dogo, jeusi, chachu mpaka baridi kali ilipige.
Farasi jike, umri miaka kumi na mitano;
kumi na miwili kati ya hiyo nimemsugua mimi,
Krismasi, Pasaka, hata asubuhi ya kumzika Etelka,
na kila nikifika tumboni hulaza masikio nyuma
akanionyesha meno.
Mkorofi, nilikuwa nawaambia watu.
Kamrithi mama yake.

Thelathini na sita, kikasema kioo,
hatujamgusa bado.

Nikaanza kama baba yangu Gáspár alivyonifundisha:
kitana cha mpira kwa mizunguko, vumbi litoke,
burashi ngumu, burashi laini, kwato mwisho,
na upesi, maana wenzake ishirini wanangoja
na jua la Januari halina subira na mtu.
Shingoni, thelathini na nane.
Ubavuni, hamsini.
Tumboni, burashi haijagusa hata unyoya,
mkono ungali hewani,
themanini na moja.

Nikasimama.
Safari hii hakulaza masikio, wala meno sikuyaona.
Alitulia kama mtu kwenye foleni ya daktari,
uso mkavu, tarakimu zikipanda peke yake.
Ndipo nikajua: siku zile alizoniuma
alikuwa bado ana tumaini la kusikika.

Orsolya aliinamia daftari lake kwa muda mrefu
kuliko daftari lilivyohitaji.
Nikakohoa kidogo. Nikauliza, basi ashikwe wapi?
"Wao wenyewe hushikana wapi, mjomba?"

Malishoni, mwezi wa Mei:
Kökény na yule maksai mzee mwenye jicho moja,
huyu kaelekea huku, yule kule,
wakitafunana polepole
pale shingo inapokutana na mgongo,
bila kitana, bila saa, mpaka kivuli kihame.
Nimeliona hilo maisha yangu yote.
Sikuwahi kulitazama.

Nikavua glavu.
Vidole vyangu vimepinda, kucha zina nyufa,
sijui mara ya mwisho vilimgusa nani
bila kifaa katikati.
Nikakuna pale. Sikupapasa, nilikuna,
kama atafutaye sarafu udongoni.
Sitini. Arobaini na nne.
Mdomo wake wa juu ukarefuka, ukaanza kutetemeka,
kope zikashuka nusu.
Thelathini na tatu.
Chini ya pale alipoanzia.
Akashusha pumzi moja ndefu, ya joto,
ikapanda na kupotea kwenye boriti.

Kisha akageuza shingo, maana farasi hapendi deni,
akanitafuna bega kwa mdomo mzito,
akaipata kifungoni kazi yake, akaking'oa.
Kifungo hicho alikishona Etelka.
Kiko humo kwenye majani makavu mpaka leo;
sikukitafuta sana.

Sasa tumbo nalifuta kwa kitambaa cha maji vuguvugu,
naweka kiganja kwanza, nangoja.
Siku nyingine hukubali.
Siku nyingine sikio moja huenda nyuma, kidogo tu,
nami naondoa mkono.
Bwana Lóránt, mwenye mali, amelalamika:
farasi wake anatembea na tope tumboni.
Nimemjibu,
tope ni la kwake, bwana. Mwachie.